MGB ya 1971 kutoka maonyesho ya Birmingham: gari, soko na wauzaji wake

Pauni 10,200. Naanza na bei kwa sababu ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa msikitini, harusini, hata kwenye simu kutoka Mombasa, kabla mtu hajanijulia hali. Kwa pesa hizo nina MGB ya mwaka 1971, gari dogo la spoti la Kiingereza: paa la turubai, bampa za kroma, viti viwili, rangi ya kijani, na buti inayomeza mikoba miwili ya sokoni ikiwa hukununua tikiti maji. Nimeshaiendesha kwenye joto na kwenye mvua ya Leicester hapa Uingereza, kwa hiyo naona sasa nina haki ya kusema. Gari nimelipenda. Maonyesho nayo nayasifu, ila si kwa yale yanayoandikwa kwenye mabango yake. Muuzaji wa kwanza niliyemkuta humo ndani simtaji jina, na neno zuri juu yake hamtalipata kwangu.

Maonyesho yenyewe ni yale ya magari ya kale yanayofanyika kila Novemba katika kumbi za NEC, nje kidogo ya mji wa Birmingham. Treni inakushusha hapo hapo, kituo cha uwanja wa ndege, unatembea chini ya paa mpaka ndani. Ni ukumbi baada ya ukumbi, kila mmoja una mazulia, taa kali na magari yaliyosuguliwa mpaka unajiona meno. Kuna madalali wa magari, kuna mnada, kuna wauza spea na spana, kuna vilabu vya wenye magari. Chakula ni ghali na hakina ladha. Chukueni mkate na mayai kutoka nyumbani.

Nilikwenda na shemeji yangu, mume wa dada. Yeye haja yake ilikuwa picha pembeni ya Jaguar E-type nyekundu, na alizipata tele. Mimi haja yangu ilikuwa kununua. Hili lilikuwa gumu kueleweka na wauzaji. Kila tuliposimama, mwanamume mwenye tai alimpa shemeji mkono, akaanza kumweleza shemeji mambo ya injini, na shemeji, ambaye kabureta anaiita "ile ya petroli", akawa anaitikia kwa heshima kama yuko kwenye hotuba ya Ijumaa. Sikuwakatiza. Muuzaji akiwa anazungumza na shemeji, mimi napata nafasi ya kulikagua gari.

Nimelelewa Majengo, Mombasa, na marehemu baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi. Kazi yangu utotoni ilikuwa kumshikia tochi. Sijui kufungua injini wala sikujifunza, lakini najua sauti ya bati na sauti ya puti, ule udongo wa kuzibia bati lililoharibika. Bati ukiligonga kwa kifundo cha kidole hulia. Puti hainyanyui sauti. Na kwa gari kama MGB, elimu hiyo ina thamani kuliko kujua injini, kwa sababu injini yake, ile ya cc 1,798, ni ya chuma kizito, haina siri, spea zake zimejaa na fundi yeyote mzee wa hapa anaifungua macho yamefumba. Kinachoua MGB ni kutu.

Sasa nieleze, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. MGB haina chesi, yaani fremu ya chini, ya kusimama peke yake. Bodi ndiyo chesi. Na ile isiyo na paa la bati nguvu yake karibu yote imekaa chini ya milango, kwenye vizingiti. Kila kizingiti kimejengwa kwa tabaka: bati la nje unaloliona, bati la kati usiloliona, bati la ndani, na chini yake reli iliyochomelewa. Maji na matope yanaingia kutoka kwenye tao la gurudumu la mbele, yanakaa humo, na kutu inaanza kula ndani ikija nje. Siku unapoiona kwa macho, ndani kumeshakwisha. Fundi mwaminifu hukata vyote, akafunga vyuma vya kushikilia milango ili gari lisipinde, akajenga upya tabaka kwa tabaka. Asiye mwaminifu hubandika bati jipya juu ya lililooza, akapaka rangi, na kazi ya maelfu ya pauni ikawa kazi ya mchana mmoja.

Utajuaje bila kupasua? Tazama mlango uliofungwa, upenyo wake wa nyuma, pale unapokutana na bawa la nyuma. Upenyo unatakiwa uwe sawa kutoka juu hadi chini. Ukiona juu umebana na chini umeachia, gari limekunja mgongo katikati. Vizingiti havibebi tena. Baada ya hapo chukua sumaku ya friji, ifunge kwa kitambaa laini usimkwaruzie mtu rangi, ipitishe chini ya mabawa ya nyuma, pembe za chini za mabawa ya mbele, na kizingiti chote. Mahali sumaku inapokataa kushika, hapo hakuna bati.

Gari la dalali wa kwanza lilikuwa jekundu, linameta, pauni 14,950, na kibao kinasema limefufuliwa kikamilifu. Upenyo wa mlango wa dereva juu haukupitisha ukucha. Chini uliingiza kidole. Sumaku ilianguka mara tu nilipofika nyuma ya gurudumu. Nikamwomba aliinue kwa jeki nione chini. Akasema ukumbini hawaruhusu. Nikamwomba aliwashe. Akasema ukumbini hawaruhusu, na hilo la pili halikuwa uongo: ndani ya kumbi hizi injini haziwashwi, kwa hofu ya moshi na moto. Basi elewa unachonunua kwenye maonyesho ya ndani: gari ambalo hujalisikia, hujaliendesha, chini ya taa zilizochaguliwa kuipendezesha rangi.

Nikamuuliza swali la mwisho: muuzaji ni wewe au ni mtu mwingine? Hapo ndipo alipoacha kumwangalia shemeji na kuniangalia mimi. Kumbe analiuza "kwa niaba ya mteja". Maneno hayo yana uzito hapa Uingereza. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya mwaka 2015 ya haki za walaji inakupa siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro na kudai pesa zako zote. Ukinunua kwa mtu binafsi ulinzi huo huna. Anachowajibika ni kwamba asikudanganye, na gari liwe vile alivyolieleza. Sasa dalali mwenye stendi, zulia na tai anapokwambia mwenye gari ni mtu mwingine, unalipa bei ya dukani na kupata kinga ya barazani. Nilimwambia asante. Shemeji akampa mkono tena.

Kwenye mnada sikukaa sana. Wanaopenda mnada wana raha zao. Mimi nilipiga hesabu tu: tuseme gari limeangukia pauni 10,000 na kamisheni ya mnunuzi ni asilimia 15. Hiyo ni 1,500 juu yake, na juu ya hiyo kamisheni kuna VAT ya asilimia 20, yaani 300. Umenyoosha mkono kwa 10,000, unatoka na deni la 11,800. Na gari bado hujaliendesha.

Ningerudi nyumbani mikono mitupu kama si vilabu. Haya ndiyo ninayotaka wasomaji washike, na ndiyo sababu bado nayasifu maonyesho haya: usianze kwa wanaouza, anza kwa wanaomiliki. Klabu ya MG ipo tangu 1930, na kwenye stendi za wenye MG hukuti muuzaji. Unakuta wastaafu wenye chupa za chai ambao wamekuwa na gari la aina moja tangu ujana na hawana jingine la kuzungumza. Ukiwauliza kuhusu vizingiti, utapata mafundisho ya bure mpaka uchoke wewe.

Mzee mmoja, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, aliniona na sumaku mkononi akacheka. Alinichorea tabaka za kizingiti juu ya kifuko cha karatasi cha keki. Akanionyesha na sehemu ambazo baba hakuzijua, kwa kuwa gari hili hakuwahi kulishika: juu ya bawa la mbele, karibu na kioo, ambapo matope yanakusanyika kwa chini na kutoboa kwenda juu; na ule mstari wa kroma unaopita ubavuni, ambao misumari yake inaingiza maji. Akaniambia nyuma ya viti kuna visahani viwili vya betri, kwa sababu magari ya miaka hiyo yalikuwa na betri mbili za volti 6, na visahani hivyo huoza kimyakimya. Gari ambalo mwenyewe ameshalibadilisha kuwa na betri moja ya volti 12 si kasoro; mshukuru.

Na alinifafanulia kwa nini niache kuogopa spea. MGB ilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 mpaka kiwanda kilipofungwa 1980, zaidi ya nusu milioni, ukihesabu na zile za paa la bati. Nyingi zilikwenda Marekani. Idadi hiyo ndiyo inayofanya watu waendelee kutengeneza kila kitu chake, kutoka mpira wa mlango hadi bodi nzima mpya, ambayo British Motor Heritage walianza kuitoa mwaka 1988 kwa kutumia mashine zile zile za zamani. Nilimwambia mzee kwamba Toyota yangu ya mwaka 2009 spea zake zinanisumbua kuliko hivyo. Akasema ndiyo, anasikia hivyo kwa wengi.

Gari nililonunua halikuwa kwenye sehemu ya mauzo. Lilikuwa pale pale kwenye stendi ya klabu, na karatasi ndogo ya mkono kwenye kioo. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, goti limemharibikia, klachi haiwezi tena. Bei 11,500. Upenyo wa milango ulikuwa sawa. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa kipande cha kiganja kwenye pembe ya bawa la kushoto, na kabla sijafungua mdomo akaniambia mwenyewe kwamba pale aligonga nguzo ya geti. Alikuwa na picha za vizingiti vikijengwa upya, risiti za fundi, na cheti cha kumbukumbu kutoka jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, ambalo linahifadhi daftari za kiwanda. Cheti kinataja tarehe ya kuundwa, namba ya injini, mahali gari lilipopelekwa kwanza, na rangi. Kijani changu kilizaliwa njano, ile waliyoiita Bronze Yellow. Ukiinua zulia la buti bado unaiona pembeni. Cheti hicho kidai, kwa sababu magari mengi hapa yamerudishwa kutoka Marekani na kuhamishwa usukani. Hayo si mabaya, mengine ya California bati lake ni kavu kuliko letu, lakini bei yake isiwe ya gari ambalo halijawahi kuguswa.

Tukapatana hivi: arubuni ya pauni 500, na karatasi tuliyoisaini sote wawili kwamba arubuni inarudi ikiwa gari halitaendana na maelezo likiwa juu ya lifti na barabarani. Muuzaji anayekataa karatasi hiyo, mwache na gari lake. Jioni ile ile nikaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bure, nikasoma historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Hapa kuna mtego. Tangu Mei 2018 magari ya zaidi ya miaka 40 yasiyobadilishwa sana hayalazimiki kukaguliwa, kwa hiyo mengi yana historia inayokatika mwaka huo na baada ya hapo kimya. Mwalimu aliendelea kulipeleka kila mwaka kwa hiari. Hilo lilinituliza kuliko rangi yoyote.

Nyumbani kwa mwalimu nilikwenda na fundi, si na shemeji. Nilikuwa nimeomba gari lisiwashwe kabla hatujafika, maana injini iliyopashwa moto huficha mengi. Ukifungua swichi, kwa nyuma unasikia tik-tik-tik, halafu kimya: pampu ya petroli imejaza kabureta. Isiponyamaza, ama tangi ni tupu ama kuna mahali panavuja. Nikavuta choki, ikawaka. Tulipokuwa barabara kuu na injini imepata moto, geji ya presha ya oili ilisimama kati ya 50 na 60, na hapo fundi akatulia kwenye kiti chake. Gia zote zilikubali. Overdraivu, kile kifaa kinachopunguza mizunguko ukiwa gia ya tatu na ya nne, ilifanya kazi, na usinunue MGB ya safari bila hiyo: kwa maili 70 kwa saa injini inashuka kutoka mizunguko kama 3,900 hadi 3,200, na hapo ndipo unaweza kuzungumza na aliye pembeni yako.

Kasoro zilikuwa mbili. Shokapu moja ya mbele, ambayo kwenye gari hili ni ya mkono wa chuma wenye oili ndani, ilikuwa inavuja. Na magurudumu ya spoki ya nyuma yalitoa mlio wa "tok" ulipotoka gia ya kwanza kwenda rivasi. Meno yanayoshika gurudumu kwenye haba, kile kitovu chake, yamelika. Spoki ni nzuri machoni, nakubali, ila ndizo zenye gharama ya kijinga zaidi kwenye gari zima. Rimu za chuma za kawaida zingenitosha. Fundi akaandika hesabu ya spea na kazi, mwalimu akaisoma, akatoa 1,300 bila kelele.

Sasa kuishi nalo. Usidanganyike na neno "spoti". Lina nguvu za farasi 95 hivi likiwa jipya, na kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa linatumia sekunde kama 12. Gari dogo la umeme la jirani yangu linaniacha kwenye taa. Raha yake iko chini: umekaa karibu na lami, usukani hauna msaada wa mashine na unakuambia kila kokoto, gia ni fupi na inaingia kwa mlio wa kuridhisha, na ekzosi inanguruma kwa adabu. Barabara za mashambani za Rutland, kwa maili 45, turubai limefungwa nyuma. Wengine wanasafiri mbali kutafuta raha ndogo kuliko hiyo. Mvua ikinyesha ni habari nyingine. Maji yanaingia kwenye pembe ya kioo na kudondokea goti la kulia, na kulitandaza turubai peke yangu kunaniharibia kucha na hasira.

Gharama za kulitunza zimenishangaza kwa udogo. Kodi ya barabara hailipwi, limeshapita miaka 40. London eneo la hewa safi halinitozi, kwa sababu hiyo hiyo. Bima ni ya maili chache kwa mwaka, chini ya robo ya ninayoilipia Toyota, lakini hakikisheni mmeandikishiana thamani ya gari na kampuni ya bima mapema. Bila hivyo likigongwa mtalipwa kama gari bovu la 1971. Petroli naweka ile ya supa yenye alama E5. Ya kawaida hapa tangu Septemba 2021 ni E10, ina ethanoli zaidi, na mipira ya zamani ya petroli inalainika na kupasuka. Mbele, kwenye ekseli, kuna chuchu za grisi zinazotaka kupigwa kila maili 3,000. Mwenye kupuuza grisi atanunua vyuma.

Wajukuu wa dada waliuliza kama ni la umeme, kwa sababu MG wanayoijua wao ni ile ya Wachina inayouzwa hapa sasa. Na ndugu Mombasa wanauliza nitalipeleka lini. Silipeleki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na hata kama ingeruhusu, bodi inayooza kwa mvua ya Leicester sitaipeleka kwenye upepo wa chumvi wa Likoni. Wapenzi wa magari ya kale huko nyumbani waende Nairobi, Concours d'Elegance ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, iliyoanza 1970. Humo mtayaona yaliyobaki nchini yakitunzwa kwa wivu, na majaji wanaingia mpaka chini ya gari.

Kwa anayetaka kununua na mfuko wake haufiki 10,000: tazama zile za kuanzia mwishoni mwa 1974, zenye bampa nyeusi za mpira. Ziliinuliwa juu kidogo kwa ajili ya sheria za Marekani, zinayumba zaidi kwenye kona, na wenye kroma wanazidharau, ndiyo maana bei yake ni ya chini. Au chukua GT, yenye paa la bati. Ina mgongo imara, haivuji sana, ina nafasi ya mizigo nyuma ya viti, na kwa sababu haifunguki juu watu wanailipia kidogo. Vizingiti vyake vikague vile vile.